Hukumu ya kuendesha ukiwa umelewa na kutafuta kazi

Ndugu yangu, umeuliza kama hukumu ya kuendesha gari ukiwa umelewa imekufungia milango yote ya kazi. Hapana. Inayoumia zaidi ni kazi ya usukani: lori, basi, teksi, kusambaza mizigo, kwani kampuni ya bima humtoza mwajiri zaidi au humkataa kabisa dereva wa namna hiyo. Kwenye kazi nyingine, waajiri wengi hupima uzito wa kosa lenyewe.

Soma fomu neno kwa neno: "umewahi kukamatwa?" si sawa na "umewahi kutiwa hatiani?" Jibu ulichoulizwa, na usidanganye kabisa, maana uwongo ukigundulika baadaye unaweza kufukuzwa kwa huo uwongo. Kwenye usaili taja mwaka, adhabu uliyomaliza na ulichobadilisha, basi. Pia muulize mwanasheria kama sheria ya kwenu inaruhusu rekodi ifutwe.