Maswali na Majibu: Kwa Nini Ushindani Haumwondoi Mwajiri Mbaguzi?

Swali: Mwajiri anayewakataa watu hodari kwa sababu ya rangi yao anajikosesha faida. Mbona washindani wake hawamwondoi sokoni?

Hiyo ndiyo hoja aliyoitoa mchumi wa Marekani, Gary Becker, mwaka 1957. Kwa maelezo yake, mbaguzi ni mtu aliye tayari kuigharimia chuki yake: huwalipa weupe mshahara mkubwa kwa kazi ambayo weusi wangeifanya vilevile kwa ujira mdogo, hata mshindani asiye na chuki akazalisha kwa gharama nafuu na kumpiku. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila inafaa pale tu ambapo chuki ni ya mwajiri peke yake. Ikiwa wateja ndio wasiotaka kuhudumiwa na mtu mweusi, au wafanyakazi weupe wanatishia kugoma, anayebagua ndiye anayepata faida.

Tazama viwanda vya nguo vya South Carolina, jimbo la kusini mwa Marekani. Sheria ya jimbo ya mwaka 1915 ilikataza weusi na weupe kufanya kazi katika chumba kimoja, na kwa nusu karne weusi wakaishia kufagia na kubeba marobota ya pamba. Mtetezi wa Becker atasema kwamba ni sheria iliyouzuia ushindani. Lakini majimbo jirani hayakuwa na sheria kama hiyo, na viwanda vyake navyo viliwaweka weusi mbali na mashine. Milango ilifunguka baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyokataza ubaguzi katika ajira nchini kote.

Swali: Je, mtu anaweza kubagua bila chuki?

Anaweza, na kwa maoni yangu ubaguzi huu ni mgumu zaidi kuung'oa. Wachumi wa Marekani Edmund Phelps na Kenneth Arrow, wakiandika mwanzoni mwa miaka ya 1970, walieleza kwamba mwajiri asiyeweza kuujua uwezo wa mwombaji mmoja mmoja humpima kwa wastani anaoudhania wa kundi lake. Ubaya ni kwamba dhana hiyo hujithibitisha: anayejua kwamba hatapandishwa cheo haoni sababu ya kugharimia mafunzo, na kukosa kwake mafunzo huja kuhesabiwa kuwa ushahidi kwamba mwajiri alikisia sawa.

Swali: Ubaguzi hupimwaje, wakati hakuna anayeukiri?

Kwa maombi ya kazi ya kubuni. Mwaka 2001 na 2002, katika miji ya Boston na Chicago, wasifu zinazolingana zilitumwa kwa majina tofauti: wenye majina yanayohusishwa na weupe, kama Emily, walihitaji kutuma takriban 10 ili waitwe mara moja na mwajiri, na wenye majina yanayohusishwa na weusi, kama Lakisha, takriban 15.

Swali: Basi si taarifa zinazowaponza waombaji zifichwe?

Jimbo la New Jersey na jiji la New York walijaribu, wakaondoa kwenye fomu kisanduku kinachouliza kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani. Katika kampuni zilizokiondoa, weupe waliokuwa wakiitwa kwa asilimia 7 zaidi ya weusi wanaolingana nao wakaanza kuitwa kwa asilimia 43 zaidi, kwani waajiri, wakikosa jibu, walilikisia kutokana na jina.