Uliza Mfamasia: Kifurushi kutoka Dubai

SWALI: Assalaam aleikum Bi Mfamasia. Mimi ni mkaazi wa Wete, nina miaka 34. Shemeji yangu aliyeko Dubai katuletea kifurushi. Ndani mna jeli ya testosteroni, homoni ya kiume, ya mume wangu wa miaka 41, aliyekuwa akilalamika uchovu na kupungukiwa na hamu, na vidonge vya estrojeni, homoni ya kike, vya shangazi yangu wa miaka 53 tunayeishi naye, kwa ajili ya joto la usiku. Mume wangu hupaka mabegani akishaoga usiku, sasa mwezi wa tatu, na kweli kachangamka. Lakini tunatafuta mtoto wa pili na bado hatujajaaliwa. Wa kwanza ana miaka mitatu, bado analala nasi. Shangazi joto limempungua, ila wiki hii kaona damu kidogo, na hedhi ilimkatika zaidi ya miaka miwili nyuma. Tuendelee?
Mama wa mmoja, Wete

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Damu ya shangazi umeiweka mwisho wa barua, mie naileta mwanzo. Mwanamke aliyekwisha kukatika hedhi akiona damu, hata ya kuchafua nguo tu, lazima aende kuangaliwa kizazi. Mara nyingi si saratani, lakini hilo hujulikana kwa kupimwa, si kwa kusubiri. Estrojeni ikitumiwa peke yake huufanya ukuta wa ndani wa kizazi unenepe, na ukinenepa muda mrefu, saratani hupata njia. Ndiyo maana mwenye kizazi chake hupewa estrojeni pamoja na projestojeni, homoni ya pili inayouzuia ukuta huo usinenepe. Aliyetolewa kizazi kwa kawaida haihitaji hiyo ya pili. Vidonge aviweke kando, na aende navyo hospitali, na boksi lake.

Huko ataulizwa kama amewahi kuwa na saratani ya titi, damu kuganda mguuni, kiharusi au ugonjwa wa ini. Ajibu kweli, asione haya. Vidonge vya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Ya kubandika au kupaka kwenye ngozi hatari yake ni ndogo zaidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikimbana ghafla, hiyo si ya kungoja asubuhi.

Simwambii kwamba homoni ni sumu. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati baada ya kuonekana saratani ya titi imezidi kwa waliotumia homoni mbili pamoja, na wanawake wengi wakazitupa kwa hofu. Baadaye ikabainika umri una sehemu yake: anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi kukatika, akiwa hana ugonjwa wa kumzuia, mara nyingi faida huzidi hatari. Shangazi umri unamruhusu. Kilichokosekana ni daktari.

Sasa bwana'ko. Anayetafuta mtoto hapaki testosteroni. Watu hawaniamini nikisema hivi, maana dukani huuzwa kwa jina la nguvu za kiume. Ubongo ni kama mpishi wa shughuli: akiona masinia yanaingia kutoka nje, anazima jiko. Hauzipelekei tena korodani amri ya kufanya kazi, mbegu hupungua, pengine zikakatika kabisa, na korodani zenyewe hunywea. Huku mwenyewe anajiona kachangamka! Akiacha, kwa kawaida mbegu hurudi, lakini huchukua miezi, na wengine zaidi ya mwaka. Wiki za mwanzo uchovu unaweza kumrudia, usimcheke.

Na huyo mtoto anayelala nanyi. Jeli huhama kwa kugusana ngozi. Mtoto akilaza shavu kwenye bega la baba, naye anapakwa, na wewe vilevile. Mwangalieni: nywele za sehemu za siri, kukua kwa uume au kinembe, hasira zisizo za kawaida. Mkiona, mpelekeni hospitali na mtaje jeli. Mashuka na fulana alizolalia zifuliwe.

Uchovu wa mwanamme wa miaka 41 una sababu nyingi kabla ya homoni: sukari, uzito, usingizi mbovu. Hukoroma akakatikiwa na pumzi? Testosteroni inaweza kulizidisha hilo. Pia huongeza wingi wa chembe nyekundu, damu ikawa nzito, kwa hiyo anayeitumia kihalali hupimwa damu kila baada ya muda. Homoni yenyewe hupimwa asubuhi mapema, kabla ya kula, mara mbili siku mbalimbali. Akiipima sasa, jeli bado mwilini, jibu litamdanganya. Daktari ampangie lini. Mbegu nazo zipimwe, na wewe upimwe pia, maana kuchelewa si lazima kuwe kwake peke yake.

Na kama katika kifurushi mna vidonge vya nywele na kucha, soma kama vina bayotini, aina ya vitamini. Kwa dozi kubwa huharibu majibu ya vipimo vya homoni, basi anayevimeza aache siku mbili kabla ya kutolewa damu na amwambie wa maabara.