Maswali na Majibu: Unajiandaa kwa mtihani wa CSCS?

Cheti cha CSCS, cha makocha wa nguvu na utimamu wa mwili, hutolewa na NSCA, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1978. Maswali kuhusu mtihani wake yamenijia mengi, hasa kutoka kwa watu wa raga na walimu wa jim. Nimeyachagua haya.

Kocha, nina diploma ya michezo na nimefundisha jim miaka kadhaa. Naweza kufanya CSCS mwaka huu? – Mwalimu wa jim, Umoja

Bado. CSCS inataka shahada ya kwanza, au uwe katika mwaka wa mwisho wa kuisomea. Kwa sasa shahada ya somo lolote hukubaliwa, hata ya biashara, lakini NSCA imekwisha kutangaza kwamba kufikia 2030 itadai shahada ya fani inayohusika. Wewe tazama NSCA-CPT, cheti cha wakufunzi wa mtu mmoja mmoja, ambacho hakidai shahada. Na kama wateja wako ni watu wa ofisini wanaopigana na kitambi, hicho ndicho kinachokufaa, jina kubwa la CSCS lisikuzuzue. CSCS ni ya anayeandaa wanamichezo.

Niko mwaka wa nne chuoni. Mtihani umepangwaje, na nianzie wapi kusoma? – Mwanafunzi, Kahawa Wendani

Una sehemu mbili. Ya sayansi ina maswali 95 kwa saa moja na nusu: mwili unavyofanya kazi, saikolojia ya michezo, lishe. Ya utekelezaji ina maswali 125 kwa saa mbili na nusu, na mengine huja na video au picha. Kila sehemu ina maswali 15 ya majaribio ambayo hayahesabiwi; kwa kuwa hutajua ni yapi, jibu yote. Kufaulu ni alama 70 katika kila sehemu baada ya alama kusawazishwa, kwa hiyo usizichukue kama asilimia 70 ya maswali.

Wengi hufungua ukurasa wa kwanza wa kitabu cha NSCA na kuanza na muundo wa msuli, wakifika katikati ya kitabu wameshachoka. Mimi ningeanza na mifumo ya nishati, yaani njia ambazo mwili hupata nguvu ya kufanya kazi. Ukielewa kwamba juhudi kali ya sekunde tano hadi kumi hula akiba ya fosfokreatini, nishati ya haraka iliyomo msulini, na kwamba akiba hiyo hairudi papo hapo, utaona mwenyewe kwa nini mapumziko yake ni mara 12 hadi 20 ya muda wa kazi. Juhudi ya zaidi ya dakika tatu hutosheka na mara moja hadi tatu. Hapo ndipo mapumziko ya vyuma nayo yanapoeleweka: dakika mbili hadi tano kwa nguvu, sekunde 30 hadi 90 kwa kukuza misuli, sekunde 30 au chini kwa ustahimilivu. Tarakimu zote hizo zinatoka katika wazo moja.

Nimekuwa kocha wa raga miaka mingi. Sayansi nilipita, utekelezaji nikaanguka! Inawezekanaje? – Kocha, Ngong Road

Inawezekana sana, ndugu yangu, na huenda hiyo miaka ndiyo iliyokuangusha. Swali linauliza kitabu cha NSCA kinasemaje; unachofanya na vijana wako Jumanne jioni hakimo.

Chukua mpangilio wa vipimo. Uwanjani, kocha huwapima vijana kadiri nafasi inavyopatikana, pengine mbio ndefu kwanza kwa sababu kiwanja kiko wazi. Kitabu kinaanza na visivyochosha kama urefu na uzito, halafu wepesi wa kugeuka, nguvu ya juu kabisa, mbio fupi, ustahimilivu wa misuli, na mbio ndefu mwisho kabisa. Sababu ni ile ile ya nishati: kipimo cha kwanza kisiharibu cha pili.

Au swali la spota, msaidizi anayesimama tayari kudaka chuma. Skwoti ya chuma mabegani na kusukuma chuma ukiwa umelala benchi vinahitaji spota. Pawa klini, yaani kunyanyua chuma kwa kasi kutoka sakafuni hadi mabegani, haina spota kabisa: chuma kikikataa, mchezaji hukiachia na kurudi nyuma. Nimeona majim hapa mjini ambako rafiki husimama amekumbatia mnyanyuaji wa klini, na wote wawili wanajiona salama.

Au lini uongeze uzito. Kitabu kinasema mchezaji akizidisha marudio mawili au zaidi kuliko aliyopangiwa katika seti ya mwisho, kwa vipindi viwili vya mazoezi mfululizo, ongeza. “Anaonekana ana nguvu leo” halimo kati ya majibu.

Utakaporudia, utarudia sehemu uliyoanguka tu, baada ya siku 90. Zitumie kutazama video za mbinu na kutaja kosa kabla ya kusoma majibu. Anayesoma majibu kwanza hushawishika na jibu lisilo sahihi lililo karibu na lililo sahihi.

Kuna maswali ya mwinuko. Sisi wa Nairobi si tunajua tayari? – Mkimbiaji, Kasarani

Mnajua kwa mapafu, lakini mtego uko hapa: hewani oksijeni ni asilimia ile ile, karibu 21, Mombasa na Nairobi. Kinachoshuka ni shinikizo lake. Mchezaji akipanda kutoka Pwani, siku za mwanzo hupumua kwa kasi na moyo hupiga haraka zaidi. Kiasi cha damu kwa kila pigo hakiongezeki. Seli nyekundu za ziada huja baadaye, baada ya majuma. Swali likisema “mara moja” na jibu likataja seli nyekundu, jibu hilo liruke.

Cheti cha CPR (huduma ya kwanza kwa aliyesimama moyo) cha mtandaoni kitakubaliwa kwa CSCS? – Msomaji, Donholm

Hapana, ikiwa kozi yote ni ya kutazama tu. NSCA inataka kozi yenye mafunzo ya kutumia mikono na mashine ya kushtua moyo. Uliza Msalaba Mwekundu wa Kenya au St John Ambulance kama kozi yao ina vyote viwili, na uulize kabla ya kulipa.