Kwani Seli Inavuta Maji Vipi? Maswali Yenu na Majibu

Mwezi huu maswali mengi yamegonga sehemu moja, maji na chumvi vinaingiaje kwenye seli na vinatokaje. Nimechukua machache, yanayofanana nimeyaunganisha, na yale marefu nimeyapunguza, msinune.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie maana nachanganyikiwa. Kwenye difyusheni tunafundishwa vitu vinatoka penye vingi kwenda penye vichache. Tukifika osmosisi tunaambiwa maji yanatoka kwenye mmumunyo hafifu kwenda kwenye mmumunyo mkali. Sasa si ndo kinyume chake? Nikariri ipi?

JIBU: Marahaba. Usikariri yoyote kwanza. Hafifu na mkali hapo wanaongelea chumvi au sukari iliyomo, hawaongelei maji, ndo maana unaona kama kinyume. Wewe hesabu maji. Chumvi ikiwa kidogo maji ndo mengi, chumvi ikiwa nyingi imekula nafasi ya maji, kwa hiyo maji nayo yanatoka yalipo mengi kwenda yalipo machache kama kitu kingine chochote, ila katikati pana utando unaoyaruhusu yenyewe na kuizuia chumvi. Chumvi ingekuwa inapita pia basi vingechanganyika tu na habari ingeishia hapo.

Afu kuna jambo watu wanalirukaga. Molekuli za maji hazijui ziende wapi, zinarukaruka kila upande muda wote, zinavuka utando kwenda na kurudi, ila zinazovuka kutoka upande mmoja ni nyingi kuliko zinazorudi na hiyo tofauti ndo osmosisi yenyewe. Hata pande zikishalingana hazisimami, kwa hiyo ukiandika kwenye mtihani kwamba maji yameacha kutembea mimi nakukata maksi. Na kinachohesabika ni idadi ya chembe zilizoyeyuka, sio uzito wala ukubwa wake. Chumvi ya kawaida ikiyeyuka inaachana kuwa ioni mbili, yaani chembe zenye chaji ya umeme, sodiamu na kloraidi, wakati molekuli ya sukari inabaki moja, kwa hiyo hapo chumvi ina nguvu karibu mara mbili.

SWALI: Utando wa seli tunaambiwa ni mafuta, na maji na mafuta hayapatani. Yanapitaje sasa, au seli ina pampu ya maji?

JIBU: Swali zuri hili, wataalamu wenyewe liliwasumbua miaka mingi. Utando ni tabaka mbili za mafuta, unene wake ni kama nanomita 5 tu, na maji kidogo yanapenya humohumo kwenye mafuta ila polepole. Tatizo ni kwamba seli nyekundu za damu na seli za figo zinapitisha maji kwa kasi ambayo huwezi kuieleza kwa kupenya penya tu.

Jibu lilipatikana kwa bahati. Peter Agre, daktari wa Marekani, alikuwa anafuatilia protini za makundi ya damu ya Rh, akakutana na protini nyingine asiyoitafuta na hakuna aliyejua kazi yake. Mwaka 1992 yeye na wenzake wakaonyesha ni kitu gani: waliyafanya mayai ya chura yaitengeneze ile protini, wakayatumbukiza kwenye maji yasiyo na chumvi. Mayai ya kawaida yalikaa tu, yale yenye protini yakavimba yakapasuka. Ikaitwa akwaporini, na mwaka 2003 Agre akapata Nobel ya kemia. Tundu moja la akwaporini linapitisha molekuli za maji kama bilioni 3 kwa sekunde, zikiwa zimejipanga mstari mmoja, na chumvi haipiti hata moja. Mimi hii stori siichoki.

Ila akwaporini ni tundu tu, haisukumi kitu. Pampu ya kushika maji na kuyasukuma, kama ile ya sodiamu nitakayoieleza sasa hivi, seli haina. Inachofanya ni kuhamisha chumvi, maji yanafuata yenyewe. Ukilishika hili moja utajibu karibu maswali yote ya mada hii.

Pampu ya chumvi ndo ipo, tena inafanya kazi usiku na mchana. Aliigundua Mdenmaki, Jens Skou, mwaka 1957, akitumia mishipa ya fahamu ya kaa, na Nobel yake ikaja 1997, miaka 40 baadaye! Kila mzunguko pampu inatoa ioni 3 za sodiamu nje na kuingiza 2 za potasiamu, na inalipia kwa molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli. Seli iko kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja, sodiamu inaingia kidogokidogo muda wote, na ndani kuna protini kibao zisizoweza kutoka, kwa hiyo pampu ikisimama chumvi inajaa, maji yanaifuata, seli inavimba. Ndo yanayotokea sehemu ya mwili inapokosa oksijeni.

SWALI: Mtoto akiharisha tunapewa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Nikiangalia kwenye pakiti naona kuna sukari. Kwa nini sukari wakati kinachotakiwa ni maji? Na nikiongeza sukari kidogo ili anywe vizuri kuna ubaya?

JIBU: Dada yangu, sukari haipo kwa ajili ya ladha. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini inayoingiza glukosi, ndo sukari ya kwenye pakiti, na sodiamu ya kwenye chumvi kwa pamoja, glukosi 1 na sodiamu 2, hakuna mmoja anayepita mlango huo peke yake. Vikishaingia, maji yanafuata, lile lile nililosema juu. Na bahati kubwa ni kwamba hata kwenye kipindupindu, ambapo sumu ya bakteria inafanya utumbo umwage kloraidi na maji kwa wingi, mlango huu unaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo maji matupu hayatoshi, na chumvi peke yake haiingii vizuri.

Kuongeza sukari usifanye kabisa. Sukari ikizidi uwezo wa ule mlango inabaki ndani ya utumbo, na hapo inageuka, maji yanatoka mwilini kuingia kwenye utumbo na kuhara kunazidi. Ndo maana mwaka 2002 WHO na UNICEF walipunguza ukali wa mchanganyiko, kutoka milimoli 311 za chembe kwa lita hadi 245, ukawa chini kidogo ya damu. Pakiti ichanganye na maji safi kiasi kile kile kilichoandikwa, usipunguze maji wala usizidishe. Mtoto akilegea, au akishindwa kunywa, usikae naye nyumbani, mpeleke hospitali.

SWALI: Kwa nini dripu ina chumvi, wasiweke tu maji safi?

JIBU: Maji matupu yakiingia kwenye mshipa, seli nyekundu zinavimba na kupasuka. Gramu 9 za chumvi kwa lita zinalingana na damu, hivyo seli zinabaki na umbo lake. Kuna dripu za glukosi pia, asilimia 5, hesabu ni ileile.

SWALI: Vidole vikikaa sana kwenye maji vinajikunja. Hiyo ni osmosisi, sivyo?

JIBU: Sivyo, na wengi wanafundisha hivyo hadi leo. Mtu ambaye mishipa ya fahamu ya kidole imekatika, kidole hicho hakijikunji hata kikae kwenye maji muda mrefu, na hili limejulikana tangu miaka ya 1930. Mishipa midogo ya damu inabana kwa amri ya fahamu, nyama ya chini inapungua ujazo, ngozi inakunjamana.

SWALI: Ni kweli samaki wa baharini anakunywa maji na wa mtoni hanywi?

JIBU: Kweli kabisa. Wa maji baridi damu yake ina chumvi kuliko mto, maji yanamwingilia tu muda wote, kwa hiyo hana haja ya kunywa na kazi yake ni kukojoa sana. Wa baharini anapoteza maji kila dakika, anakunywa maji ya bahari na chumvi iliyozidi anaitoa kupitia matamvua, akitumia ile pampu ya Skou. Papa yeye kachagua njia yake, anabakiza urea, ile taka ambayo sisi tunaitoa kwenye mkojo, kwenye damu mpaka ukali wake unakaribiana na wa bahari, maji hayamkimbii.