Maswali yenu: Faiba, ruta na jirani mwenye nywila yako

Tangu nilipoandika kuhusu vifurushi vya intaneti, maswali ya waifai ya nyumbani yamekuwa mengi kuliko ya simu. Nimechagua sita. La tatu nimelijibu kwa urefu kwa sababu nyumba nyingi ninazoingia zina kasoro hiyo hiyo.

Habari za kazi. Nimehamia Kimara, tuko watu watano. Watoto wanaangalia katuni, na mimi nina mikutano ya video siku tatu kwa wiki. Mmoja ananiambia nivute faiba, mwingine ninunue ruta ya laini, wa tatu anasifia dishi la setelaiti. Nichukue lipi?

Nzuri, karibu Kimara. Kabla ya kumpigia muuzaji yeyote, toka nje utazame nguzo za mtaani kwenu. Kama faiba, yaani waya wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, imefika, utaona waya mwembamba mweusi na vikasha vidogo vimefungwa juu ya nguzo. Ukiviona, waulize majirani wawili watatu swali moja tu: ikikatika, inachukua siku ngapi kurudi? Jibu lao lina uzito kuliko tangazo lolote.

Kwa mtu mwenye mikutano ya video, ningechukua faiba bila kusita. Ruta ya laini, ile inayowekwa laini ya simu ndani, inagawana mnara na simu zote za mtaa, na ifikapo saa mbili usiku watu wote wamerudi nyumbani, ndipo sura yako inapoganda katikati ya sentensi. Lakini kama umepanga na huna uhakika utakaa muda gani, ruta ya laini ina faida yake: unahama nayo. Ijaribu kabla ya kununua. Weka laini ya kampuni hiyo kwenye simu, kaa pale ruta itakapowekwa, pima kasi saa mbili usiku, siyo saa nne asubuhi. Uliza pia maana ya "bila kikomo" kwenye mkataba, kwa sababu vifurushi vingi vya jina hilo hupunguzwa kasi ukishavuka kiasi fulani cha GB.

Dishi ni mkombozi wa mahali ambapo faiba haijafika na mnara uko mbali. Setelaiti za Starlink zinazunguka kiasi cha kilomita 550 tu juu yetu, wakati zile za zamani zinakaa karibu kilomita 36,000, ndiyo maana mazungumzo hayachelewi tena kama zamani. Kenya na Rwanda huduma hiyo ilianza 2023. Kwa Tanzania, usimpe mtu fedha ya dishi kabla hujahakikisha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwamba huduma ina leseni. Kumbuka pia kwamba dishi linataka anga wazi, mwembe mmoja tu unatosha kulikata, na linakula umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida.

Jambo moja zaidi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilipokatika, wenye faiba na wenye laini za simu walizorota pamoja, kwa sababu huku nchi kavu njia ni mbili lakini baharini wanapita pamoja. Kwa hiyo usilipie huduma mbili ukidhani ya pili itakuokoa kila siku.

Shikamoo. Nimelipia megabiti 10, lakini nikipakua faili kompyuta inaandika 1.2 MB kwa sekunde. Naibiwa? (Morogoro)

Marahaba. Hujaibiwa. Kampuni inauza kwa biti, kompyuta yako inahesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Gawanya 10 kwa 8 upate 1.25. Unapata karibu chote ulicholipia. Ikishuka hadi 0.4, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya na upime tena kabla ya kulalamika, maana huenda tatizo ni waifai yako na siyo kampuni.

Kaka, fundi aliyefunga ruta aliweka namba yangu ya simu kuwa nywila. Sasa kila jioni intaneti inakuwa nzito, na kwenye orodha ya ruta naona vifaa nisivyovijua. Nifanyeje? (Mwanza)

Ndugu yangu, badilisha leo. Namba yako ya simu anayo wakala wa pesa, anayo bodaboda, iko kwenye kundi la harusi. Hata asiyekujua anaweza kuipata: namba zote zinazoanza na 06 na 07 zikijumlishwa ni milioni 200, na mtu aliyenasa salamu kati ya simu yako na ruta, yaani ujumbe wa kutambuana zinapoungana, anaweza kwenda kuzijaribu nyumbani kwake kwa utulivu. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, ile ya wacheza gemu, inazimaliza zote chini ya saa moja. Chagua maneno manne yasiyo na undugu, ukichanganya na tarakimu, kitu kama kinu-treni-mbaazi-ngazi47. Siyo hiyo hiyo, kwa kuwa nimeshaiandika hapa.

Ibinue ruta. Chini kuna karatasi yenye anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, pamoja na jina na nywila ya kuingilia. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari ukiwa umeunganishwa. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya: nywila ziko mbili. Moja ni ya kutumia waifai, nyingine ni ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Wengi hubadilisha ya kwanza, wakaiacha ya pili ikiwa "admin" kwa "admin". Mgeni aliyeingia kwenye waifai yako anaweza kufungua mipangilio, kukubadilishia kila kitu na kukufungia nje. Badilisha zote mbili. Kama ruta ya kampuni inakukatalia, wapigie wakubadilishie wao, ni haki yako.

Ukiwa humo humo, angalia aina ya ulinzi. Weka WPA3, au WPA2 kama una vifaa vya zamani. Ukikuta WEP, ilishavunjwa tangu 2001. Zima pia WPS, kile kitufe cha kuunganisha kwa haraka. Mwaka 2011 ilionekana kwamba namba yake ya siri ya tarakimu nane hukaguliwa kwa vipande viwili, hivyo mvamizi hahitaji majaribio ya mamilioni, yanamtosha 11,000. Zima uwezo wa kuiendesha ruta kutoka nje ya nyumba, kisha ruhusu programu ya ndani ya ruta isasishwe.

Kuhusu vile vifaa usivyovijua, usimtuhumu mtu bado. Simu za siku hizi hujipa utambulisho wa bahati nasibu, na runinga nyingine hujiandikisha kwa herufi zisizosomeka. Zima kifaa kimoja kimoja cha nyumbani uone kipi kinatoweka kwenye orodha. Mimi mwenyewe niliwahi kupanga nyumba yenye ruta ya mwenye nyumba, nikakuta vifaa 14 wakati vyangu vilikuwa vitano. Aliyekuwa mpangaji kabla yangu alihamia nyumba ya pili tu, na simu zake hazijawahi kusahau nywila. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, lakini sikuwa na namna ya kujua wageni wake walikuwa akina nani.

Ukishabadilisha, kila kitu kitakatika na utaunganisha upya. Waambie watoto kwamba ile picha ya miraba ya QR kwenye simu, wanayomwonyesha rafiki aiskani, ina nywila yenyewe ndani yake. Kwa marafiki fungua mtandao wa wageni, yaani waifai ya pili yenye nywila yake, ruta nyingi za sasa zinao.

Je, nikificha jina la waifai yangu lisionekane, si nitakuwa salama zaidi?

Hutakuwa. Mwenye programu ya bure ya kunasa mawimbi ataliona tu. Tena unajiumiza, kwa sababu simu yako itazunguka mjini ikiliita jina hilo kila mahali, kwa kuwa haiwezi kujua kama liko karibu. Acha jina lionekane, ila lisiwe jina la ukoo wako wala namba ya nyumba.

Asalaam aleikum. Nina nyumba ya wageni Mji Mkongwe, vyumba sita. Waifai inafika vyumba viwili tu, na wageni wanalalamika. Nimeongeza kifaa cha kurefusha mawimbi, hakuna tofauti.

Waaleikum salaam. Kuta zenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zina unene wa kama nusu mita. Kifaa cha kurefusha kinapokea mawimbi yaliyokwisha kuchoka ukutani, kisha kinayarudia vile vile. Dawa ni waya: vuta kebo ya mtandao hadi kila ghorofa, pitia kwenye ngazi au kiwambaza cha ndani, na mwisho wa kebo weka kituo kidogo cha waifai. Mawimbi ya GHz 2.4 hupenya ukuta vizuri kuliko ya GHz 5, ingawa ya 5 yana kasi zaidi mkiwa chumba kimoja.

Nami nakuomba sana, kompyuta yenye hesabu na nakala za pasipoti za wageni isikae kwenye waifai wanayotumia wageni. Washa mtandao wa wageni, na humo ndani uchague kwamba vifaa visionane. Nywila yake ibadilishe kila mwezi, uichapishe upya kwenye kadi za vyumbani.

Nimenunua kamera ya ulinzi Kariakoo, inaunganishwa na waifai. Ina hatari yoyote? Na umeme ukikatika, itaendelea?

Mwaka 2016 virusi viitwavyo Mirai viliteka mamia ya maelfu ya vifaa, kamera zikiwa nyingi, kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani zipatazo 60. Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuizidi nguvu kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza vivinjari kwenye anwani za tovuti nyingi, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Wenye kamera hawakujua lolote. Kwa hiyo badilisha nywila ya kamera kabla hujaitundika, iunganishe na mtandao wa wageni, na usiielekeze kitandani.

Umeme ukikatika, faiba yenyewe haihitaji umeme hapo nguzoni, maana vigawanyio vingi vya njiani ni kioo tu kinachogawa mwanga. Kinachozimika ni vifaa vyako. Ruta nyingi zinatumia volti 12, na kuna betri ndogo zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Soma volti na ampea chini ya ruta kabla ya kununua. Na kama kwako kuna vikasha viwili, kile cha faiba na ruta, vyote viwili vichomekwe kwenye betri, pamoja na kamera yenyewe.