Re: Kuingia kwenye kompyuta kunachelewa, folda za watumiaji ziko kwenye seva

Salama mkuu. Nimekuelewa hivi: mashine za Linux, folda za watumiaji ziko kwenye seva kwa NFS (njia ya kutumia folda za seva kupitia mtandao), na asubuhi wote wakiingia kwa pamoja mtu anasubiri mpaka anachoka.

Kabla hujanunua swichi mpya ya mtandao, tengeneza akaunti ya majaribio ambayo folda yake iko kwenye diski ya mashine yenyewe. Ikichelewa vilevile, achana na NFS, kaangalie DNS (inayotafuta anwani za mashine kwa majina) na LDAP (orodha ya watumiaji iliyoko kwenye seva).

Ikiingia haraka, anza na .cache, folda ya kashe (mafaili ya muda ya programu) iliyo ndani ya folda ya kila mtumiaji. Kwetu hapa Kariakoo mchawi alikuwa huyo. Kivinjari huandika humo mafaili madogo madogo kibao, na kila moja linasubiri jibu la seva. Elekeza XDG_CACHE_HOME (kigezo kinachoziambia programu kashe ikae wapi) kwenye diski ya ndani, kila mtu na folda yake yenye ruhusa 700 (mwenyewe tu ndiye anayeingia). Kigezo hicho kiweke kwenye /etc/security/pam_env.conf, faili linalosomwa mtu anapoingia; ukikiweka kwenye .bashrc, ambayo ni ya terminali, desktopu inaweza isikione kabisa. Kashe ikipotea hakuna hasara, inajijenga upya.

Kuna watakaokwambia uwashe async kwenye seva, yaani seva ijibu "tayari" kabla haijaandika kwenye diski. Kasi utaipata kweli, ila umeme ukikatika ghafla, kazi ambayo mtu anadhani ameshaihifadhi inaweza kupotea. Kwa umeme wa Dar, mimi siigusi.