Akina Louis wa Ufaransa: chora ukoo kwanza

Mdogo wangu, unasema wafalme akina Louis wanakuchanganya, mtihani umekaribia, na hujui Louis XVII alipotelea wapi. Acha kukariri namba. Chukua karatasi uchore ukoo.

Louis XIV ndiye wa kasri la Versailles. Alirithi kiti mwaka 1643 akiwa na miaka minne tu, akakaa nacho hadi 1715. Miaka 72! Aliishi sana hata akamzika mwanawe na mjukuu wake, ndiyo maana aliyemfuata, Louis XV, ni kitukuu chake. Watu wengi hudhani ni baba na mwana. XV naye alifiwa na mwanawe, basi mwaka 1774 kiti kikaenda kwa mjukuu, Louis XVI, yule aliyekatwa kichwa Januari 1793.

Sasa huyo XVII. Ni mtoto wa XVI, na hakutawala hata siku moja; alifia kifungoni mwaka 1795 akiwa na miaka kumi. Lakini wafuasi wa ufalme walimhesabu kuwa mfalme tangu baba yake alipouawa. Kwa hiyo baba yake mdogo alipokalia kiti mwaka 1814 alijiita XVIII, ionekane ufalme haukukatika. Siasa tupu, ila ujanja wake naukubali.

Ukiulizwa nani alikuwa mfalme Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, andika XVI. Mkono usiteleze ukaandika XIV.